Watumishi wa afya: kwa nini ukichomwa sindano kazini unanyamaza?

#1 Sista wa Rejesta

Habari wakuu.

Mimi ni muuguzi hospitali ya wilaya. Pamoja na zamu za wodini nimebebeshwa kitengo cha kinga na udhibiti wa maambukizi, maana yake rejesta ya waliochomwa sindano na waliorukiwa damu iko mezani kwangu. Rejesta hiyo ukiisoma utadhani kwetu watu wanatibu kwa vijiko. Matukio ni ya kuhesabu kwa vidole, na mengi ni ya wanafunzi.

Lakini tukikaa chai, kila mtu ana yake. Huyu alijichoma akirudishia kifuniko. Yule alikutana na sindano imeachwa kwenye shuka. Mwingine yuko leba anakata kitovu, damu ikamruka machoni, akanawa akaendelea. Wote wanajua PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya tukio kama hilo, ipo na haina malipo. Wanajua inaanzwa mapema iwezekanavyo na mwisho wake ni saa 72. Wengine ndio wanaofundisha wenzao hayo kwenye semina.

Kwa hiyo msiniambie ni elimu. Msimamo wangu ni huu: tunachoogopa ni kipimo. Ukiripoti, jambo la kwanza unapimwa VVU wewe mwenyewe ili ijulikane ulikuwaje kabla ya tukio. Na anayekupima ni mtu mnayegombania naye kiti cha kantini.

Mliowahi kuchomwa mkanyamaza, semeni sababu. Majina hatutaki.

#2 Kigoda Mbele

Nimekaa. Waje wenyewe.

#3 Kifaa Butu

Sista, umeanza vizuri ukaishia pabaya. Hofu ipo, sikatai, ila wengi wetu kinachotunyamazisha ni muda.

Mimi nilichomwa usiku nikimshona mama aliyechanika. Leba nzima tuko wawili, mwenzangu kaingia thieta na mgonjwa mwingine. Sasa niripoti kwa nani? Niwaache akina mama vitandani, mmoja njia imeshafunguka yote, niende nikamtafute mwenye ufunguo wa stoo ya dawa? Halafu nirudi nimwombe mama yule yule, anatetemeka na uchungu wa nyuzi, ridhaa ya kumpima? Nilinawa, nikabadilisha glavu, nikamalizia nyuzi. Asubuhi nimechoka naona kitanda tu. Kesho yake nikasema aah, yameshapita.

Na si huku kwetu peke yake. Kuna utafiti ulitoka 2007 kwenye New England Journal of Medicine, waliulizwa madaktari wa Marekani wanaosomea upasuaji. Kufikia mwaka wa mwisho wa mafunzo 99% walikuwa wameshachomwa. Kwa tukio la karibuni zaidi, 51% hawakuripoti kwenye kliniki ya wafanyakazi. Sababu iliyoongoza: hawakuwa na muda. Hao wana kila kitu, na kliniki ya wafanyakazi iko ghorofa ya chini.

#4 Sista wa Rejesta

@Kifaa Butu asante kwa takwimu, ila kwenye dodoso mtu ataandika nini? "Sikuwa na muda" ni jibu la heshima. Nani ataandika "naogopa majibu yangu"?

#5 Kifaa Butu

Kwa hoja hiyo hakuna utafiti utakaokupinga milele. Hongera.

#6 Mzee wa Maabara

Salaam. Niweke namba mezani, maana naona hofu yote imeelekezwa kwenye VVU.

Sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, ikikuchoma na usitumie dawa yoyote, uwezekano wa kuambukizwa ni kama 0.3%, yaani watu 3 katika 1,000. Damu ikirukia jicho au mdomo ni chini ya hapo, karibu 0.09%. Homa ya ini C ni kama 1.8%, na kuna takwimu za karibuni zinazoishusha zaidi. Sasa njoo kwenye homa ya ini B: kwa mtu asiye na kinga ni kati ya 6% na 30%, inategemea mgonjwa ana virusi kiasi gani. Kirusi hicho kinaweza kukaa juu ya meza kwenye tone la damu lililokauka siku 7 na bado kikaambukiza.

Na hiyo ndiyo yenye chanjo! Dozi 3, mwezi 0, wa 1 na wa 6. Waulizeni wenzenu wa zamu ya leo wangapi wamemaliza zote tatu. Mtu ana miaka kumi wodini, kadi ina dozi moja ya siku aliyoripoti kazini. Kitu cha 0.3% ndicho kinachomnyima usingizi.

#7 Mama Kulwa RN

Mimi nimechomwa sana tu na niko salama. Siri ni kukamua damu hapo hapo itoke yote, kisha unamwagia spiriti au jiki mpaka usikie inawasha. Mambo ya fomu yalikuja juzi juzi.

#8 Mzee wa Maabara

@Mama Kulwa RN usiwape vijana hiyo. Kukamua hakutoi virusi, kunaumiza nyama na kulitia jeraha uvimbe. Jiki ni ya sakafu. Maji yanayotiririka na sabuni, basi. Jicho ni maji safi mengi au dripu ya chumvi. Halafu nenda kwa mwenye rejesta.

#9 Mama Kulwa RN

Nyie vijana mmesoma, sisi tumeishi.

#10 Kigoda Mbele

Mzee wa Maabara ameitwa kijana 😂

#11 Nipite Kimya

Naandika kwa akaunti nyingine, wanaonijua wasinitafute.

Nilichomwa na sindano ya mgonjwa ambaye hali yake naifahamu. Niliripoti, nikapimwa, nikapewa dawa za siku 28. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Dawa za PEP tunazotumia sasa ni zile zile tatu kwenye kidonge kimoja, tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Kopo ni lile lile wanalopewa wanaoishi na VVU. Na ushauri unaopewa ni kutumia kondomu mpaka vipimo vya mwisho vitoke.

Haya, rudi nyumbani umweleze mwenzako. Kopo utalificha wapi, ndani ya unga? Kondomu kwenye ndoa ya miaka, utaanzaje? Mimi nilisema ukweli. Nilipewa pole usiku ule, lakini kesho yake mashemeji walishajua, na maneno niliyosikia siyaandiki hapa. Dawa nilimaliza, vipimo vyote vilitoka safi. Ila nikichomwa tena leo, sijui kama nitapita njia hiyo hiyo.

Sista anasema tunaogopa kipimo, Kifaa Butu anasema muda. Mimi cha kwangu ni nyumbani.

#12 Sista wa Rejesta

Pole sana. Hili sikuwa nimelifikiria. Fomu yangu haina hata mstari mmoja unaouliza habari za nyumbani.

#13 Mpare Mbishi

Pole @Nipite Kimya. Lakini kama shida ni kopo, mbona unaweza kuhamishia vidonge kwenye chupa ya vitamini? Tumieni akili.

#14 Famasia wa Kata

Usihamishe. Zile dawa zinatunzwa kwenye kopo lake, lina kile kipakiti cha kunyonya unyevu ndani. Na mtu akikuta vidonge visivyo na jina kwenye chupa ya vitamini atauliza maswali mabaya zaidi.

#15 Kisauni Leo

Nawasoma kutoka Mombasa. Huku kwetu kuna sababu nyengine mmeiruka: lawama. Mwenzangu alijidunga, akaenda kwa mkubwa wake wa wodi. Swali la mwanzo aliloulizwa si "umeumia?" Aliulizwa "mbona ulikuwa unaifunika sindano, hukufundishwa?" Mbele ya watu. Tokea siku hiyo wadi ile hakuna anayejidunga tena. Rikodi safi kama theluji ya Kilimanjaro, wallahi.

Sheria tunayo Kenya, ile ya fidia ya majeraha ya kazini, WIBA, ya 2007. Ukipata ulemavu kamili wa kudumu fidia inahesabiwa kwa mishahara ya miezi 96. Lakini ili ufike huko yataka tukio liwe limeandikwa. Ambalo halikuandikwa halikutokea.

#16 Daktari Kijiwe

Hoja ya lawama nakazia. Ila tusidanganyane, kufunika sindano kwa mikono miwili ni uzembe. Kama huna budi kabisa, kifuniko kiweke chini ukichote kwa ncha ya sindano, kwa mkono mmoja.

#17 Kisauni Leo

Umeona? Mtu kaeleza lawama, daktari kaja na lawama.

#18 Daktari Kijiwe

Mimi nimesema ukweli.

#19 Kifaa Butu

Sefti boksi ya kutupia sindano ikiwa imejaa hadi shingoni tangu Ijumaa na mpya haijaletwa, nielekeze uzembe ni wa nani. Ile boksi inatakiwa ifungwe ikifika robo tatu. Sisi tunaisindilia.

#20 Baba Shamsa

Mimi si mtumishi wa afya, ila mke wangu anafanya usafi hospitali kupitia kampuni ya usafi. Anachomwa na sindano zilizotupwa kwenye mfuko mweusi, ule wa takataka za kawaida, maganda ya ndizi humo humo. Sindano ya wodi gani hajui, ya mgonjwa gani hajui. Akimwambia msimamizi wa kampuni anajibiwa nenda hospitali. Hospitali wanamwambia wewe ni wa kampuni. Chanjo hiyo mnayoisema ya homa ya ini hajawahi hata kuisikia.

Naomba kuuliza: huyu naye mnamhesabu? Maana uzi mzima ni sista na daktari.

#21 Mzee wa Maabara

Anahesabika, tena yeye na wale wa kichomea taka ndio wa kwanza kuhesabiwa. Sisi tunaijua sindano tuliyoishika. Yeye anachomwa na sindano ya wodi nzima. Mpeleke idara ya wagonjwa wa nje au kliniki ya matunzo na tiba ya VVU hospitali yoyote ndani ya hizo saa 72. Asisubiri kampuni na hospitali wamalize kutupiana mpira. Mgonjwa wa chanzo asipojulikana, mtoa huduma anapima mazingira ya ajali na kuamua.

#22 Afisa Fidia Mstaafu

@Baba Shamsa upande wa fidia, mwenye wajibu ni mwajiri wake, yaani kampuni. Kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, kila mwajiri anatakiwa ajisajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na kuchangia. Mfuko ulianza kazi 2015. Mchango siku hizi ni 0.5% ya mishahara, unatoka mfukoni kwa mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata senti. Ukiona makato ya WCF kwenye hati ya mshahara wako, kuna mtu anakuibia.

Ajali ikitokea mwajiri ana siku 7 za kuitolea taarifa. Madai yafunguliwe ndani ya miezi 12. Mfuko unalipia matibabu. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda unalipwa 70% ya mshahara, hadi miezi 24. Ulemavu wa kudumu ukizidi 30% unapata pensheni ya kila mwezi, ukiwa 30% kushuka chini unalipwa mkupuo. Kuchomwa sindano peke yake bila kuugua hakukupi hela, ila taarifa yake ndiyo itakayokusaidia ukiugua mbele ya safari.

Watu wa afya ndio wavivu wa kudai kuliko wachimba madini, nawaambia kutoka mezani.

#23 Mkaazi wa Ng'ambo

Muweke wazi kuwa WCF ni ya Bara. Zanzibar tuna sheria yetu wenyewe ya fidia. Kila siku mnaandika "Tanzania" na huku mnakusudia Dar na Dodoma.

#24 Mpare Mbishi

Wakuu, sindano sindano sindano. Mimi nimekaa wodi ya mifupa na nitawaambia kinachowamaliza wauguzi ni kiuno. Sindano inakuchoma kwa bahati mbaya, mgonjwa unamnyanyua kila siku iendayo kwa Mungu. Mgonjwa aliyevunjika paja, kilo tisini, anatakiwa ageuzwe kila saa mbili asipate vidonda. Mko wangapi? Wewe na ndugu yake, na ndugu yake ni bibi.

Nimeona wauguzi wanastaafu mgongo umepinda, wanaambiwa ni uzee. Nani aliandika rejesta? Haipo! Rejesta ya Sista ina sindano na damu. Ya mgongo nani anayo?

#25 Sista wa Rejesta

Hapo umenikamata, sina. Ila uzi ni wa sindano mkuu, kiuno kifungulie wake.

#26 Mpare Mbishi

Kichwa cha uzi kinasema sindano, swali ni kunyamaza. Na mimi nakwambia kiuno ndiyo ukimya wenyewe. Sindano ina tarehe na saa. Kiuno hakina siku ya kuzaliwa.

#27 Mbeba Boksi wa Minnesota

Mpare yuko sahihi kabisa. Nipo huku Marekani nalea wazee kwenye nyumba za kutunzia wazee, kazi ambayo Waswahili wengi tunaanzia. Huku kuna taasisi ya utafiti wa usalama kazini inaitwa NIOSH, wao wanapendekeza mtu asimnyanyue mgonjwa kwa mikono uzito unaozidi pauni 35, kama kilo 16 hivi. Kilo 16! Huo ni mguu mmoja wa babu. Zaidi ya hapo ni mashine: unampitishia mgonjwa kitambaa chini, unakining'iniza, unabonyeza, anapanda juu kama mzigo wa meli.

Na bado migongo inakatika. Kwa nini? Mashine ni moja kwa korido nzima, betri imeisha, babu anataka choo SASA. Utasubiri? Unamkumbatia unamnyanyua. Ukisikia kitu kimelia "taa" kwenye mgongo unameza kidonge unamalizia shifti, maana ukiripoti unapelekwa kwa daktari wao, unapewa kazi nyepesi, na masaa yanapungua. Kodi ya nyumba haisubiri.

Kuhusu sindano: Rais Clinton alisaini sheria mwaka 2000, waajiri wanatakiwa waweke sindano zinazojifunika zenyewe baada ya kutumika, waweke kumbukumbu ya kila ajali, na wanaozitumia wenyewe washirikishwe kuzichagua. CDC, taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, waliwahi kukadiria ajali 385,000 kwa mwaka za watumishi wa hospitali kuchomwa na vitu vyenye ncha kali, na wanasema karibu nusu ya ajali hazifiki kwenye rekodi. Kwa hiyo hata ufunguo wa stoo ukiwepo, watu wananyamaza.

#28 Kifaa Butu

Wananyamaza kwa sababu ya MUDA. Umesema mwenyewe babu anataka choo sasa.

#29 Mbeba Boksi wa Minnesota

Nimesema pia masaa kupungua. Hela, mkuu. Hela.

#30 Kigoda Mbele

Mpaka sasa: kipimo, muda, ndoa, lawama, hela, kiuno. Nahitaji kigoda kikubwa zaidi.

#31 Mwalimu wa Zamani

Kidogo nje ya mada. Nilikuwa nafundisha historia ya tiba chuoni. Mnamjua Semmelweis, yule aliyewaambia madaktari wa Vienna wanawe mikono? Alichanganyikiwa muda mrefu kwa nini akina mama wanakufa sana na homa ya uzazi kwenye wodi ya madaktari kuliko ya wakunga. Jibu lilimjia mwaka 1847 baada ya rafiki yake, daktari Kolletschka, kuchomwa na kisu cha mwanafunzi wakipasua maiti. Kolletschka akafa, na maiti yake ilipofunguliwa ilionekana ina dalili zile zile za akina mama. Semmelweis akaunganisha: kinachotoka chumba cha maiti kinasafiri na mikono.

Glavu nazo hazikuanza kwa ajili ya mgonjwa. Karibu na 1890 huko Johns Hopkins, muuguzi wa thieta Caroline Hampton mikono ilikuwa inababuka kwa dawa ya zebaki ya kuoshea. Daktari Halsted akaagiza kampuni ya mpira imtengenezee glavu nyembamba. Nyingine zote tunazovaa zimetokana na mikono ya sista mmoja iliyoumia kazini akasema.

#32 Daktari Kijiwe

Umesahau kumalizia, Halsted alimuoa mwaka huo huo wa 1890.

#33 Kigoda Mbele

Kumbe glavu ni barua ya posa 😂😂 Madaktari wa kwetu wanaleta chipsi kavu.

#34 Mama Kulwa RN

Na chipsi zenyewe za kukopa.

#35 Mwenye Hasira Kidogo

Mnacheka. Tulioishi Kagera 2023 wakati wa mlipuko wa Marburg, homa ya virusi inayofanana na Ebola, tunajua hii kitu si ya kucheka. Kati ya waliofariki alikuwemo mtumishi wa afya. Na Gulu, Uganda, mwaka 2000, Dokta Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor alisimamia mapambano na Ebola akaugua mwenyewe, akafariki Desemba ile ile. Nani hapa anakumbuka wauguzi waliomtangulia? Tunamkumbuka daktari mkubwa, waliokufa kwenye zamu za usiku hawana hata ubao.

Mtumishi akifa kwenye mlipuko anaitwa shujaa. Akiambukizwa TB wodini polepole anaitwa mgonjwa.

#36 Mwalimu wa Zamani

Wauguzi wa Lacor wanakumbukwa huko huko Lacor, mkuu, usiseme hawana. Lukwiya mwenyewe aliomba azikwe pale hospitalini. Lakini hoja yako ya TB naipokea.

#37 Dogo wa Chuo

Shikamooni. Niko mwaka wa pili, mafunzo kwa vitendo. Nadhani wazee mnazidisha. VVU siku hizi watu wanatumia dawa, virusi havionekani, mtu haambukizi. Nilisoma utafiti wa kitaifa wa 2022/23, maambukizi kwa wenye miaka 15 kwenda juu ni 4.4%, na kati yao wenye VVU 78% virusi vimefubazwa. Ukizidisha hizo na 0.3% ya Mzee, unabaki na nini? Labda watu hawaripoti kwa sababu wamepiga hesabu.

#38 Mzee wa Maabara

Marahaba. Hesabu nzuri, wodi mbaya. Hiyo 4.4% ni ya mitaani. Aliyelazwa si mtu wa mtaani, ni mgonjwa, na baadhi ndio wale walioacha dawa. Utafiti wa kutoambukiza ulifanywa kwa wapenzi kitandani, sindano yenye tundu iliyotoka mshipani ni habari nyingine. Hatari inapanda jeraha likiwa la ndani, sindano ikiwa na damu inayoonekana, au mgonjwa yuko hatua za mwisho. Na hesabu yako haina homa ya ini B hata kidogo. Una chanjo?

#39 Dogo wa Chuo

Nilipata dozi mbili. Ya tatu tulihamishwa kituo, na muda wake umepita kitambo. Naanza upya?

#40 Sista wa Rejesta

Kabla Mzee hajajibu, naomba dogo atuambie jingine: wewe ni mwanafunzi, ukichomwa unaripoti wapi, chuoni au hospitali? Maana rejesta yangu imejaa wanafunzi na sijui kwa nini nyie mnaandika na wakubwa wenu hawaandiki.

#41 Dogo wa Chuo

Tunaandika kwa kuwa mkufunzi anatukagua. Na wengi hatuna wake wala waume wa kukuta kopo. Mwaka wa tatu wameshaacha, wanasema wamezoea.

#42 Nipite Kimya

Hapo kwenye mwaka wa tatu pana kitu.

#43 Kifaa Butu

Mwaka wa tatu ndio wanaanza kupangwa zamu za usiku. Muda!

#44 Daktari Kijiwe

Mwaka wa tatu wanaanza kujiona wataalamu. Kiburi. Hiyo sababu ya saba mmeikwepa, na madaktari ndio tunaongoza.

#45 Mama Kulwa RN

Leo daktari umesema neno.

#46 Mzee wa Maabara

@Dogo wa Chuo usianze upya. Dozi mbili zinahesabika, malizia ya tatu kesho. Mwezi mmoja hadi miwili baada ya hapo pima kingamwili, ikifika 10 kwa kipimo chetu una kinga. Isipofika rudi, kuna utaratibu wa kurudia chanjo. Kadi yako ipige picha, makaratasi ya chuo yanapotea.

#47 Baba Shamsa

Na mke wangu ambaye hana hata dozi moja, aende wapi?

#48 Mzee wa Maabara

Aanzie hospitali hiyo hiyo anayoisafisha, aulize kitengo cha chanjo. Wakimwambia yeye ni wa kampuni, njoo inbox uniambie ni mkoa gani nikuelekeze kituo.

#49 Baba Shamsa

Nimekutumia.